Kibaba cha Mtu Mmoja

Kwa bibi yangu, Kimamba, kuna kopo la bati ambalo halijawahi kunywewa maji. Mdomo wake umeshika kutu na mshikio wake uling'oka zamani. Kazi yake ni moja tu, kuchota nafaka. Tulipokuwa wadogo, tukienda kwake likizo, kila jioni mmoja wetu alikuwa na zamu ya kuingiza mkono kwenye pipa na kupima cha kupikwa. Bibi hakuliita kopo. Aliliita kibaba. "Vibaba viwili, vya mfuto," alisema, yaani usiweke kichuguu juu, pitisha kiganja mdomoni mwa kopo ili nafaka ilingane na ukingo. Wakija wageni, mfuto uliachwa na kichuguu kikaruhusiwa.

Mwaka jana nililibeba kopo hilo hadi dukani, si mbali na stesheni ya reli. Nikalijaza mahindi makavu, nikapitisha kiganja kama nilivyofundishwa, nikaomba yapimwe. Mwenye duka alinitazama kwa wasiwasi. Nadhani alidhani nimekuja kutafuta ushahidi kwamba anapunja. Mzani ulisimama karibu kabisa na gramu 680.

Kamusi za zamani zinasema kibaba cha nafaka kilikuwa na uzito wa kama ratili moja na nusu, na ratili moja na nusu ni gramu 680. Vibaba viwili hufanya kisaga, vibaba vinne hufanya pishi. Tangu darasa la kwanza nimekuwa nikisema haba na haba hujaza kibaba, na sikuwahi kujiuliza kibaba kikishajaa kina nini ndani yake, na kinamtosha nani.

Jioni ile nilipiga hesabu. Gramu 100 za mahindi makavu zina kalori kama 355. (Kwenye pakiti huandikwa kilokalori, mtaani tunasema kalori, nami nitasema hivyo.) Kibaba kizima, basi, kina kalori karibu 2,400. Kina protini kama gramu 60, na mafuta gramu 27 hivi, ukila dona. Ukikoboa upate sembe, sehemu kubwa ya mafuta inabaki kwenye pumba, kwa sababu mafuta ya hindi yamo kwenye kiini.

Namba ile ya 2,400 ilinishtua kwa sababu nilikuwa naijua. Ndiyo namba ambayo wataalamu wa lishe wa Shirikisho la Mataifa waliipitisha London, Novemba 1935, kuwa mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Wao walifika hapo kwa maabara. Watu wa misafara walikuwa wamefika hapo hapo miaka mingi kabla yao, kwa kopo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuatilia namba hii, na kila nilipoifuata ilinirudisha Kilosa.

*

Kabla ya reli, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilivuka mbuga ya Mkata, ikafuata bonde la mto Mkondoa na kupanda milima ya Usagara kuelekea Mpwapwa, Ugogo na Unyanyembe. Richard Burton na John Speke walipita Usagara mwaka 1857. Henry Stanley alipita 1871 na kuikuta Mkata imejaa maji ya masika. Majina yao tunayajua kwa sababu waliandika vitabu. Mizigo yao ilibebwa na watu wengine, kila mmoja na frasila mbili hivi begani au kichwani, zaidi ya kilo 30.

Chakula cha mpagazi kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kiliitwa posho. Mara nyingi hakukuwa na nafaka ya kugawa; mpagazi alipewa kitambaa au shanga akanunue mwenyewe vijijini, na palipokuwa na njaa hakukuwa na wa kumuuzia. Lakini kipimo kilijulikana na kila mtu, na hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake. Mwenye msafara hakuweza kukibadilisha kimya kimya. Wasafiri wa Kizungu walijaza kurasa kwa malalamiko kuhusu wapagazi waliogoma kunyanyua mizigo au waliotoroka usiku, na nyingi ya kesi hizo, ukizisoma vizuri, ni kesi za chakula na ujira.

Kwa hiyo kabla namba haijawa ya sayansi, ilikuwa ya mapatano. Kibaba kilisema: huyu atabeba, yule atalisha, na kiasi ni hiki. Hakikusema kitu chochote kuhusu afya. Mpagazi aliongeza mwenyewe kilichobaki: mboga za porini, nyama pale mtu alipobahatika kupiga mnyama, asali, samaki wa mtoni.

Ubaya wa posho isiyo na nyongeza ulionekana kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Agosti 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliichukua Kilosa kutoka kwa Wajerumani na kuendelea kusini. Nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Makumi ya maelfu walikufa, na waliouawa na magonjwa na chakula kibaya walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Walipewa unga wa mahindi watu waliozoea ndizi, mtama au wali, na walipewa bila sufuria za kutosha, bila kuni kavu, bila muda wa kusonga ugali ukaiva. Unga mbichi uliwaharisha hadi kufa. Ukiupima kwa mzani ule unga ungeweza kuonekana unatosha. Kalori iliyoko kwenye unga mbichi si ile inayoingia mwilini.

*

Neno kalori lenyewe lililetwa kwenye mambo ya chakula na watu waliokuwa wakisoma injini na joto. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Middletown, Marekani, Wilbur Atwater alijenga chumba kidogo chenye kuta za shaba, akamweka mtu ndani kwa siku kadhaa, akampa chakula kilichopimwa, na akapima joto lililotoka mwilini mwake akiwa amelala na akiwa anakanyaga baiskeli isiyokwenda popote. Kutoka kwenye kazi hiyo tulipata hesabu ambayo bado iko nyuma ya kila pakiti ya biskuti: gramu ya wanga hutoa kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Mwili ulikuwa sasa unasomwa kama tanuri. Swali likawa: tanuri hili lifanye kazi saa nane, litiwe kuni kiasi gani?

Hilo ndilo swali lililojibiwa London mwaka 1935. Ukisoma masharti ya jibu lenyewe unaona kwamba zile kalori 2,400 ziliwekwa kwa mtu mzima anayeishi maisha ya kawaida, katika nchi isiyo ya joto kali, na asiyefanya kazi ya mikono. Anayefanya kazi ya mikono aongezewe: kwa kazi ya wastani, kalori 75 hadi 150 kwa kila saa, kwa kazi ngumu, 150 hadi 300. Protini iwe gramu moja kwa kila kilo ya uzito wa mwili.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho hilo hilo la Mataifa, na Kilosa ilikuwa nchi ya mkonge. Mashamba ya Kimamba, Rudewa na Msowero yalihitaji watu wengi kuliko waliokuwa wakiishi hapo. Wakaletwa kutoka mbali, kwa miguu, kwa malori, kwa treni, na kuitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kutafuta wafanyakazi, SILABU, iliyokusanya vijana hadi nyanda za juu kusini. Babu yangu alitoka Njombe kwa njia hiyo. Alikuja kukata mkonge kwa mkataba mmoja, akabaki hadi alipozikwa.

Kukata mkonge si kazi ya kukaa. Unainama, unakata jani zito lenye mwiba nchani, unafunga mafungu, unayabeba hadi kwenye reli ndogo ya shamba. Tuseme babu alifanya kazi ngumu saa sita, na tumhesabie kalori 200 tu kwa saa. Ni 1,200 juu ya zile 2,400: jumla 3,600. Hiyo ni kibaba kimoja na nusu. Posho ya mpagazi ingemtosha karani wa ofisi.

Nilimweleza bibi hesabu hiyo nikidhani nimegundua kitu. Alisikiliza hadi mwisho huku akichambua maharage.

"Umepiga hesabu ya babu yako peke yake," akasema. "Posho ilikuwa inapimwa ya mtu mmoja. Ikifika nyumbani tulikuwa saba."

Hapo nilinyamaza. Katika hesabu zangu zote, za msafara, za vita na za London, sikuwa nimeweka mtu wa pili kwenye chungu.

*

Kulikuwa na waliojaribu kuangalia zaidi ya kalori. Mwaka 1931 John Boyd Orr na daktari John Gilks walichapisha uchunguzi wao wa Kenya uliolinganisha Wamasai, wenye maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, wenye nafaka, viazi na kunde. Mwanamume wa Kimasai, kwa wastani, alikuwa mrefu zaidi kwa inchi 5 na mzito zaidi kwa ratili 23, yaani zaidi ya kilo 10. Uchunguzi huo ulisomwa sana na uliisukuma serikali ya Uingereza kuanza kuuliza watu wa makoloni wanakula nini. Lakini mizani ilipima miili tu. Haikuweza kupima nani alikuwa amenyang'anywa ardhi, nani alikuwa akilipa kodi kwa kuuza chakula chake, nani alikuwa akiwaacha wake na watoto kwenda kufanya kazi kwa mzungu.

Nikiwa Kilosa siwezi kuusoma uchunguzi huo kama habari ya watu wa mbali. Wilaya hii ina Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wanaolima, na ina Wamasai wa Twatwatwa na vijiji vingine wanaofuga. Protini ya mahindi ni nyingi kwa hesabu, ila ina upungufu wa laisini, kiini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Maziwa yana laisini tele. Maharage na kunde pia. Ndiyo maana makande, ambayo shuleni tuliyadharau, ni chakula kilichokamilika kuliko ugali na mchuzi mwembamba. Mama wa Kimasai anayeuza maziwa mjini asubuhi na kurudi na unga, anakamilisha vyungu viwili kwa safari moja. Na mnajua pia upande mwingine wa jirani hawa: Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Walikuwa wakigombea ardhi na maji, yaani mahindi ya huyu na maziwa ya yule. Hakuna jedwali la lishe lenye safu ya kuandika jambo kama hilo.

Mafuta nayo yana historia yao, na ilipita hapa kwa treni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa bado wanakula kwa mgao. Siagi, majarini na mafuta ya kupikia vilipimwa kwa wiki, na mgao huo haukuisha hadi 1954. Mtu akikosa mafuta anakosa kalori 9 kwa kila gramu, na lazima ale rundo la viazi kufidia. Serikali ya London ikaamua kwamba mafuta ya Muingereza yatoke kwenye karanga za Tanganyika. Kuanzia 1947 matrekta yakashushwa bandarini na kupandishwa reli ya kati, yakapita Morogoro, yakapita Kilosa, hadi Kongwa, upande wa pili wa milima. Mpango ulikuwa ekari zaidi ya milioni 3. Udongo wa Kongwa ulipokauka ulikuwa mgumu kama saruji, mvua haikuja kama ilivyoandikwa kwenye mpango, na mwaka 1951 mradi ulifungwa ukiwa umekula pauni milioni 36.

Habari ya kushindwa kwa mradi ule imesimuliwa mara nyingi, na kwa kicheko. Mimi kinachonikaa moyoni ni jambo jingine. Upungufu wa gramu chache za mafuta kwenye sahani ya mtu wa Manchester ulihamisha matrekta kuvuka bahari. Miaka hiyo hiyo, kilomita chache kutoka kwenye reli ile, bibi yangu alikuwa akipika mboga ya majani kwa maji na chumvi. Kibaba cha dona kina gramu 27 za mafuta, ambazo ni kama asilimia 10 ya kalori zake. Wataalamu leo wanasema mtu mzima asishuke chini ya asilimia 15, na asizidi 30. Asilimia tano iliyopungua kwa bibi haikutumiwa trekta hata moja.

*

John Boyd Orr, yule wa uchunguzi wa Kenya, alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 1945. Shirika hilo lilihitaji namba moja ya kuhesabia njaa ya dunia nzima, na ili kupata namba moja lilimbuni mtu mmoja. Katika ripoti zake za 1950 na 1957 anaitwa mwanamume wa mfano. Ana miaka 25 na kilo 65. Ni mzima wa afya, anafanya kazi saa nane, na anaishi mahali penye wastani wa nyuzi joto 10 kwa mwaka. Anahitaji kalori 3,200. Mke wa mfano, kilo 55, anahitaji 2,300.

Wengine wote tulipimwa kutoka kwake. Kwa kila nyuzi 10 za joto zaidi ya zile zake, ripoti ya 1957 iliagiza asilimia 5 ipunguzwe. Kilosa ina wastani wa nyuzi kama 25. Tofauti ni nyuzi 15, makato ni asilimia 7.5, na asilimia 7.5 ya 3,200 ni kalori 240. Kwenye karatasi, mkata mkonge wa Kimamba alikatwa kalori 240 kwa sababu ya jua. Ni kama gramu 70 za unga, konzi moja nzuri. Baadaye kanuni hiyo iliachwa. Lakini fikiria tu mtu akipitisha kiganja mdomoni mwa kibaba chako na kukuambia: hicho kidogo kilichomwagika huhitaji, maana kwenu kuna joto.

Tulipopata uhuru tulizirithi namba pamoja na reli. Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Ilianza kazi katika miaka migumu: ukame, watu kuhamishiwa vijijini, foleni za unga wa manjano kutoka Marekani ambao watu waliuita unga wa Yanga na kuula kwa manung'uniko. Duniani, wakati huo, wataalamu wengi waliamini tatizo la mtoto wa Kiafrika ni protini. Kwashakoo ilikuwa kwenye kila bango la kliniki. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba huko kulikuwa kupotea njia: watoto wengi walikosa chakula chenyewe, si protini peke yake.

Hapo ndipo kazi ya Taasisi inanipendeza. Ukitia unga mwingi kwenye uji, unakuwa mzito, mtoto hawezi kuumeza. Ukitia kidogo, unamezeka, lakini tumbo la mtoto linajaa maji. Mtoto anaweza kushiba na kudhoofika kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania walionyesha kwamba ukichanganya kijiko cha kimea kwenye uji mzito, ndani ya dakika chache unalegea na kuwa mwepesi bila kupunguza unga hata chembe. Bakuli lile lile linabeba chakula zaidi. Kimea hakikutoka maabara. Ni nafaka iliyooteshwa, ikaanikwa na kusagwa, na kila mwanamke aliyewahi kupika pombe Usagara anajua kinavyofanya kazi chunguni.

Mkoa jirani wa Iringa ulikwenda mbele zaidi. Katika miaka hiyo hiyo, kuanzia vijiji 168, watoto walipimwa uzito hadharani, kijijini kwao, na matokeo yakajadiliwa na wazazi na viongozi wa kijiji. Mtoto akipungua, swali la kwanza lilikuwa la kawaida kabisa: anakula mara ngapi kwa siku, na mama yuko wapi mchana? Utapiamlo mkali ulipungua. Kwa mara ya kwanza katika habari hii yote mizani ilikuwa imekaa kijijini, mikononi mwa walaji wenyewe.

Na hapa Kilosa tulikuwa na Ilonga, kituo cha utafiti wa kilimo, safari fupi kutoka mjini. Wengi wetu tunakijua kama kibao cha barabarani. Kutoka hapo zimetoka mbegu za mahindi ya Staha, na za kunde zilizopewa majina ya Tumaini na Fahari. Bibi hajui kitu kuhusu laisini, lakini kunde amezipanda katikati ya mahindi maisha yake yote.

*

Siku hizi namba zimekuwa nyingi. Programu kwenye simu yangu inaniambia kalori 2,000, namba ambayo wakuu wa chakula wa Marekani waliichagua katika miaka ya 1990 kwa ajili ya vibandiko vya pakiti. Hesabu yao ilikuwa 2,350, wakaishusha ili iwe rahisi kukumbukwa. Mashirika ya misaada hupangia chakula cha dharura kwa kalori 2,100. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mkondoa ulipovunja kingo na maelfu ya watu wa Kilosa wakalala kwenye mahema na madarasani, nao waliingia kwenye mahesabu ya chakula cha dharura.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutumia 2,200. Hiyo ndiyo inayopima nani ni maskini wa chakula. Katika utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18, gharama ya kupata kalori hizo ilikadiriwa kuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30 unapata kama shilingi 1,125. Asilimia 8 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya hapo. Nimekwishaona mjadala ambapo watu waliosoma, vijana wenzangu, waliicheka namba hiyo wakisema nani anaweza kuishi kwa buku na chenji. Tulikuwa kwenye semina. Baada ya mjadala tulisaini karatasi na kupokea bahasha, na bahasha ile, kama mjuavyo, inaitwa posho.

Sizidharau hizi namba. Bila kipimo, mpagazi asingekuwa na la kugomea, na mtoto wa Iringa asingejulikana amepungua. Ila nimejifunza kuuliza kila namba swali la bibi: ulipopima, chungu kilikuwa na watu wangapi? Ya msafara ilimpima mbebaji. Ya London ilimpima mtu aliyekaa. Ya FAO ilimpima kijana wa kilo 65 katika nchi ya baridi. Kuna mtu mmoja kila wakati, na karibu kila wakati ni mwanamume, na nyuma yake kuna mlango ambao mpimaji hakuufungua.

Nilipolirudisha kopo, bibi alikuwa amewasha moto. Nilimuuliza siku zile za posho waligawanaje, watu saba na kipimo cha mmoja. Akasema babu alikula kwanza, kwa sababu asipokula kesho hakuna posho. Kisha watoto. Kisha, akasema, chungu kilikuwa na ukoko, na ukoko ni mtamu.

"Wewe ulikuwa unakula ukoko?"

"Nilikuwa naupenda," akajibu, akaniangalia kwa jicho ambalo halikutaka swali jingine.

Halafu akanyoosha mkono kuelekea pipa. Watoto wa jirani walikuwa wamekaa kibarazani kwetu tangu alasiri, na hakuna dalili kwamba wataondoka. "Chota vitatu," akasema. "Usipige mfuto."